Uzi: Mimea ya Kivu kwenye ngozi zetu: mafuta tuyatumie, maji mabichi ya matunda tuyaache mezani

FundiSabuni wa Katindo (Goma):

Ndugu zangu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na popote mlipo, salaam. Ninatengeneza sabuni za vipande na mafuta ya mwili hapa Goma, na kazi hii hunikutanisha na watu wa namna mbili. Kuna yule anayekataa kitu chochote chenye jina la kikemikali, anayesema ngozi yake haipokei ila kilichotoka shambani, kisha anajisugua uso kwa ndimu asubuhi na kwenda kushinda juani sokoni. Na kuna yule aliyekwisha kukata tamaa na mimea yote, anayeiona kuwa mambo ya zamani ya bibi zetu, na fedha yake huishia kwenye vikopo vya krimu ambavyo hajawahi kuvigeuza asome kilichoandikwa nyuma.

Wote wawili wanaumia bila sababu, na mkoa wetu umejaa mimea ambayo kazi yake kwenye ngozi inajulikana vizuri. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Faida iliyo wazi kuliko zote ambayo mmea huipa ngozi inatoka katika mafuta yake. Viungo vingine vya mmea vinaweza kufanya kazi kubwa, lakini vinahitaji kutolewa, kupimwa na kuhifadhiwa, na kwa hilo jiko la nyumbani halitoshi. Maji mabichi ya matunda na utomvu wa majani, ambavyo watu wanavipenda sana kwa kuwa ni vya bure, ndivyo vinavyowaunguza wengi.

Tuanze na mafuta. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zilizobanana, na katikati yake pamejaa mafuta ya aina tatu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mchanganyiko huo ndio unaozuia maji ya mwili yasitoroke na vijidudu visiingie. Mtu akioga kwa sabuni kali mara mbili kwa siku, sehemu ya mafuta hayo huondoka, ngozi inapata rangi ya majivu, inakwaruza, na mwishowe inapasuka. Sisi wa Goma tuna mzigo wa ziada ambao hatuusemi sana: maji tunayooga yanatoka katika Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo yana magnesi na bikaboneti nyingi, pH yake (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake) ikikaribia 9, wakati uso wa ngozi yenye afya huwa kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Sabuni ya kipande nayo ina pH ya 9 hadi 10, na ikikutana na magnesi hutengeneza ule utando mweupe unaoganda kwenye ukingo wa beseni. Utando huo huo unabaki kwenye miguu yetu. Kwa hiyo mtu wa Goma anayetoka bafuni bila kupaka kitu chochote anaiacha ngozi yake wazi kuliko anavyodhani.

Mawese ghafi, yale mekundu tunayonunua kwa bidoni, yana takriban asilimia 44 ya asidi ya palmitiki na asilimia 39 ya asidi ya oleiki, pamoja na karotenoidi za miligramu 500 hadi 700 katika kila kilo, ambazo ndizo zinazoyapa wekundu, na vitamini E ya aina ya tokotrienoli. Yakipakwa kidogo kwenye ngozi iliyolowa, yanazuia maji yasiondoke upesi. Ubaya wake ni doa kwenye shati na harufu, na ndiyo sababu akina mama wengi huyaunguza jikoni mpaka yawe meupe. Wajue tu kwamba moto huo wa nyuzi zipatazo 200 huharibu karotenoidi, kwa hiyo kinachobaki ni mafuta ya kulainisha, na yale maneno ya muuzaji kuhusu vitamini hayahusu tena chupa aliyoishika. Mafuta ya kokwa za mchikichi ni kitu kingine kabisa. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na hayo ndiyo yanayotoa povu zuri kwenye sabuni, lakini sabuni ikizidishiwa mafuta hayo hukausha ngozi. Mimi huyaweka chini ya robo ya mchanganyiko, na mteja anayelalamika kwamba sabuni yangu haina povu kama la dukani huwa ninamweleza sababu bila haraka.

Avoka ndiyo tajiri yetu tuliyoidharau. Msimu wake ukifika, pale Kituku na soko la Virunga zinamwagwa kwa mafungu mpaka nyingine zinaozea chini, na wakati huo huo kuna watu wanaonunua chupa ndogo ya mafuta ya avoka iliyotoka ng'ambo. Kuyatoa nyumbani kunahitaji subira kuliko vyombo. Chagua zilizoiva kabisa ambazo hazijapata madoa meusi ndani, ponda nyama yake, itandaze nyembamba kwenye sinia safi chini ya kivuli chenye upepo, uigeuze mpaka ibadilike kutoka kijani kuwa kahawia iliyoiva na ianze kung'aa yenyewe, kisha uifunge katika kitambaa kizito cha pamba na kuikamua taratibu. Mafuta yatakayotiririka ni ya kijani kizito kwa sababu yamebeba klorofili, na klorofili hiyo hiyo huyaharakisha kuharibika yakikaa kwenye mwanga. Chupa ya kahawia iliyofungwa vizuri na kuwekwa kabatini ni sehemu ya kazi yenyewe. Yakianza kunuka kama rangi ya kupakia ukuta, yameharibika, na hapo yasipakwe tena.

Siagi ya shea inayotufikia inatoka Afrika Magharibi au upande wa Uganda, ingawa mti wake unamea hata kaskazini-mashariki ya nchi yetu. Ile ya upande wa Uganda na Sudani Kusini ni laini zaidi kwa sababu ina oleiki nyingi. Ni nzuri kwa visigino. Siagi ya kakao, ambayo tunda lake linajaa upande wa Beni, nayo inalainisha vizuri, lakini wajawazito wanaoinunua ili kuzuia michirizi ya tumbo wasiitarajie hilo: ilipimwa kwa majaribio yenye krimu ya kulinganisha, Lebanon na Jamaika, na walioipaka walipata michirizi sawa na wasioipaka.

Nitaendelea na maji ya matunda hapa chini.

FundiSabuni wa Katindo (Goma):

Naanza na ndimu kwa sababu ndiyo inayonikera zaidi. Maji yake yana pH ya karibu 2, yaani yana asidi mara mamia kuliko ngozi yenyewe, na hilo peke yake linatosha kuunguza uso wenye chunusi zilizotumbuka. Lakini hatari kubwa iko katika ganda lake na maji yake, ambamo mna furanokumarini, molekuli ambazo zikiguswa na miale ya jua aina ya UVA hujeruhi seli za ngozi. Mtu anajipaka asubuhi, anatembea juani, na siku moja au mbili baadaye anapata wekundu na malengelenge, kisha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Halafu, kwa kuwa doa ni jeusi, anaongeza ndimu ili aling'arishe. Tukumbuke pia mahali tulipo: Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sana na ikweta, na nguvu ya miale ya jua huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ubaridi wa hapa unatudanganya. Jua la Goma ni kali hata siku ambayo mtu amevaa sweta.

Papai ni la pili. Utomvu mweupe wa papai bichi una papaini, kimeng'enya kinachokata protini, na upande wa Beni utomvu huo umevunwa kwa miaka mingi ili kuuzwa nje, ambako hulainisha nyama na kusafisha bia. Kitu kinacholainisha nyama hakibagui ngozi ya mtu. Marekani mwaka 2008 iliziamuru kampuni ziache kuuza dawa za kupaka zenye papaini ambazo hazikuidhinishwa, baada ya watumiaji kupata mzio mkali. Nyama ya papai lililoiva ina utomvu kidogo sana na haina madhara makubwa kwa wengi, lakini pia haiing'arishi ngozi kama inavyosemwa.

Mshubiri, ambao wengi tunauita alovera, una vitu viwili ndani ya jani moja, na watu huvichanganya. Ukilikata jani kwenye shina, utaona kwanza majimaji ya manjano yakitoka chini ya ganda, yenye uchungu na harufu nzito. Hayo yana aloini, na yanawasha ngozi. Ute usio na rangi ulio katikati ndio unaotuliza; karibu asilimia 99 yake ni maji, na kilichobaki ni sukari ndefu zinazoshika unyevu. Simamisha jani kwenye kikombe mpaka manjano yaishe kutiririka, menya ganda, osha ute kwa maji safi, tumia papo hapo, na kilichobaki ukitupe. Kukiweka kwenye chupa mezani kwa wiki nzima ni kufuga bakteria.

Kitunguu saumu usoni sina haja ya kukieleza. Kinaunguza kama moto, na wanaokifunga kwenye chunusi usiku kucha wanaamka na kidonda.

Mama wa Ibanda (Bukavu):

Asante sana, Fundi, kwa kazi hii. Naomba nikuulize kuhusu majani ambayo jirani zetu wa Rwanda huyaita gutwikumwe, yanayotambaa penye unyevu karibu na mitaro na mashamba, yenye umbo la sikio. Bibi yangu aliyaponda na kuyafunga kwenye vidonda vyetu tulipokuwa watoto, na vidonda vilipona. Sasa binti yangu ameniletea krimu ya Kikorea, ghali sana, akaniambia ni mmea huo huo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini ninunue wakati ninayo nyuma ya nyumba?

FundiSabuni wa Katindo (Goma):

Ni kweli, Mama. Jina lake la kisayansi ni Centella asiatica, na Wakorea wameupa umaarufu mkubwa miaka hii, ingawa kabla yao ulikuwa umechunguzwa sana Madagaska, na dawa ya kupaka vidonda ilitengenezwa kutokana nao. Ndani yake mna molekuli nne zinazojulikana vizuri: asiatikosidi, madekasosidi, asidi ya asiatiki na asidi ya madekasiki. Zinaisaidia ngozi kutengeneza kolajeni, protini inayoishikilia, na zinapunguza uvimbe. Kwa hiyo bibi yako hakuwa akifuata imani tupu.

Kuhusu swali la pili, jibu langu lina sehemu mbili. Jani la nyuma ya nyumba lina molekuli hizo, lakini kiasi chake hubadilika kulingana na mahali lilipoota, msimu, na muda lililokaa baada ya kuchumwa. Na kidonda kilicho wazi hakihitaji udongo wa mtaroni, hata ukiwa umeoshwa mara tatu. Tafadhali usilifunge tena kwenye kidonda kibichi, kwa sababu hatari ya pepopunda ni ya kweli. Watu wa Bukavu mnaweza kulielewa jambo hili kuliko wengine kwa sababu ya kinkina, mti ambao gome lake hutoa kwinini, dawa ya malaria. Magome yake yalichemshwa na kunywewa kwa karne kadhaa, na mgonjwa hakujua kama gome la leo lina nguvu kuliko la jana. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe, na tangu hapo dozi ikaweza kupimwa. Mjini kwenu hapo kuna kiwanda kinachofanya kazi hiyo kwa magome ya mashamba ya Kivu. Na kwinini hiyo hiyo imeingia hata kwenye vipodozi vya nywele, ambako sheria za Ulaya zinaipa mpaka wa asilimia 0.5 kwenye shampuu na 0.2 kwenye losheni isiyooshwa. Hakuna anayeweza kuheshimu mpaka kama huo kwa kuchemsha gome.

Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba krimu ghali inaweza pia kuwa na mmea huo kidogo mno. Igeuze, Mama, usome orodha. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi kuliko vyote, na ndiyo sababu Aqua, yaani maji, huwa mbele. Vikifika asilimia 1 kushuka chini, mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Kuna kihifadhi kiitwacho Phenoxyethanol ambacho Ulaya haikiruhusu kuzidi asilimia 1. Ukiona Centella imeandikwa baada ya neno hilo, fahamu kwamba karibu hakika iko chini ya asilimia 1, na huenda ni tone tu la kupamba kibandiko. Ukiona majina ya molekuli yenyewe yametajwa, kama Madecassoside, una sababu zaidi ya kuiamini, kwa kuwa madekasosidi hufanya kazi hata kwa kiasi kidogo.

Mfamasia wa Kampemba (Lubumbashi):

Nimesoma kwa makini na nakubaliana na mengi, lakini mafuta ya avoka umeyasifu kupita kiasi, na ningeomba wasomaji wenye watoto wachanga wanisikilize hapa. Avoka ina asidi ya oleiki nyingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 60, kama zeituni. Asidi hiyo hulegeza mpangilio wa mafuta yaliyo kati ya seli za ngozi. Mafuta ya zeituni yalipopimwa kwa watu wazima yalionekana kuudhoofisha ukuta wa ngozi, wakati mafuta ya alizeti, ambayo ya kawaida yana asidi ya linoleiki ya asilimia 60 hivi, hayakuudhoofisha. Na ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika somo hili unatoka Bangladesh: katika hospitali moja ya Dhaka, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipakwa mafuta ya alizeti, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, uwezekano wao wa kupata maambukizi ya hospitalini ulikuwa mdogo kwa asilimia 41 kuliko wa watoto wasiopakwa. Hayo ni mafuta ya mmea, ya bei nafuu, yakiokoa watoto. Kwa mtoto mchanga na kwa mwenye ukurutu, mimi nasema alizeti kwanza, avoka ikae pembeni.

Jambo la pili ni mafuta ya kunukia. Naona watu huku kwetu wakiongeza matone ya mchaichai, mikaratusi na karafuu kwenye kila kitu wanachotengeneza. Sitrali, limoneni, linaloli na yujenoli zimo katika orodha ya manukato ambayo Ulaya inalazimisha yatajwe kwa majina kwenye kibandiko kwa sababu ya mzio, na orodha hiyo, iliyokuwa na manukato 26, imeongezwa mwaka 2023 ikapita 80. Limoneni iliyokaa na kuguswa na hewa ni mbaya zaidi kuliko ile mpya.

FundiSabuni wa Katindo (Goma):

Mfamasia, nimekuelewa, na kwa watoto wachanga naungana nawe bila kusita. Ninaendelea kuitetea avoka kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyekwisha kukua, wenye ngozi iliyokauka, hasa miguu na mikono, na ninapoitumia huichanganya na alizeti nusu kwa nusu, ambako linoleiki inasawazisha mambo. Kuhusu manukato, kwenye sabuni ya kuoshwa ninaweka kidogo. Kwenye mafuta yanayobaki mwilini siweki chochote, hata mteja akinisihi.

Binti Himbi (Goma):

Kaka, mimi naomba tuseme ukweli kuhusu kile ambacho watu wengi wanakitafuta hasa. Rafiki zangu wananunua sabuni za papai na krimu zilizochorwa majani, zilizoandikwa kwamba ni mimea mitupu, ili waweze kung'aa, yaani ngozi iwe nyeupe. Mmoja anatumia yenye arbutini na anasema ni salama kwa sababu inatoka kwenye jani. Uso wake ulikuwa mzuri sana miezi ya kwanza. Sasa mashavuni pamekuwa na weusi wa buluu ambao hauondoki, na mapajani ana michirizi. Anasema ni ngozi inayojisafisha.

FundiSabuni wa Katindo (Goma):

Dada yangu, mwambie rafiki yako, kwa upole, kwamba ngozi haijisafishi kwa namna hiyo, na kwamba anahitaji kuonana na daktari.

Arbutini inatoka kweli kwenye jani, la kichaka cha nchi za baridi kiitwacho Arctostaphylos uva-ursi. Ni molekuli ya haidrokwinoni, kemikali kali ya kung'arisha ngozi, iliyofungwa na sukari, na mwilini au kwa bakteria wa ngozi inaweza kuiachilia haidrokwinoni hiyo. Ndiyo maana Ulaya, mwaka 2024, iliiwekea mipaka: asilimia 7 kwa arbutini kwenye krimu za uso, na kwa alfa-arbutini asilimia 2 usoni na 0.5 kwenye losheni za mwili. Ikipimwa hivyo, hufanya kazi taratibu na kwa kiasi. Mtu anayebadilika rangi ndani ya wiki mbili hakubadilishwa na arbutini.

Alibadilishwa na nini? Mara nyingi na moja ya vitu vitatu ambavyo havitajwi kwenye kikopo. Cha kwanza ni haidrokwinoni yenyewe kwa wingi. Ulaya iliiondoa kwenye vipodozi vya ngozi tangu 2001 na Afrika Kusini iliipiga marufuku tangu 1990, baada ya madaktari wa huko kueleza mwaka 1975 ugonjwa wa wanawake walioitumia kwa muda mrefu, ambao ngozi ya mashavu yao iligeuka nyeusi ya buluu, nene na yenye vipele vidogo. Ugonjwa huo unaitwa okronosisi, na maelezo yako ya mashavu ya rafiki yako yananitia hofu kwamba ndio. Cha pili ni steroidi kama klobetasoli, dawa halali ya hospitali ambayo ikipakwa mwili mzima bila mwangalizi huikondesha ngozi na kuleta michirizi hiyo ya mapajani. Na akiiacha ghafla anaweza kuumwa zaidi, kwa hiyo asiitupe leo usiku kabla ya kumwona daktari. Cha tatu ni zebaki, inayoharibu figo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulikataza krimu zenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni kuanzia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama walikubaliana kuondoa hata ruhusa hiyo ndogo. Kwenye kikopo, ikitajwa, utaona Mercurio, kalomeli au alama ya Hg. Mara nyingi haitajwi.

Jirani zetu wa Rwanda walianza mwishoni mwa 2018 kuzikusanya krimu hizi madukani. Ninaunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, na ningependa kuiona kila upande wa mpaka. Jani lililochorwa kwenye kikopo haliwezi kuidhinisha kilichomo. Kikopo kisicho na orodha ya viungo, kisicho na namba ya toleo wala anwani ya mtengenezaji, kisiguswe, hata kiwe na shamba zima juu yake.

Mfamasia wa Kampemba (Lubumbashi):

Naongeza kwa Binti Himbi: kama tatizo la rafiki yako lilianza na madoa ya chunusi, kuna njia zilizopimwa. Asidi ya azelaiki, ambayo kwa asili imo katika ngano na shayiri, hupunguza madoa na chunusi pamoja. Asidi ya salisiliki, ambayo historia yake ilianzia kwenye gome la mti wa mierebi (willow), husafisha vinyweleo. Kuna pia bakuchioli, kutoka mbegu za mmea wa Kihindi. Ililinganishwa na retinoli, kiungo cha jamii ya vitamini A, kwa watu 44 kwa wiki 12, yote kwa asilimia 0.5, na ilipunguza mikunjo na madoa kwa kiwango kinacholingana, huku retinoli ikileta zaidi kubanduka na kuchoma. Jaribio ni dogo, lakini ni la kweli. Na wanaotaka kununua mbegu zenyewe wazisage nyumbani wasifanye hivyo, kwa kuwa zina psoraleni, ndugu wa zile furanokumarini za ndimu ambazo Fundi amezieleza.

Mama wa Ibanda (Bukavu):

Nina mjukuu mwenye ualbino. Mtu mmoja alinishauri nimpake mawese kila asubuhi kwa sababu wekundu wake hukinga jua. Nimesoma hapo juu kuhusu karotenoidi. Je, ni kweli?

FundiSabuni wa Katindo (Goma):

Hapana, Mama, na tafadhali usimtegemezee mawese hata siku moja. Karotenoidi zinamlinda mchikichi, na zikiliwa zinampa mtoto vitamini A, lakini zikipakwa juu ya ngozi hazizuii UVB, miale ya jua inayounguza ngozi, kwa kiwango chochote cha kutegemewa. Hali ni hiyo hiyo kwa mafuta ya karoti, ya nazi na ya shea, chochote kile kilichoandikwa kwenye mitandao. Mtoto huyo anahitaji krimu ya jua yenye SPF (kipimo cha kukinga jua) ya 30 au zaidi, ambayo huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB ikipakwa kwa wingi na kurudiwa kila baada ya saa mbili akiwa nje. Yenye oksidi ya zinki ni nzuri kwa ngozi ya mtoto. Lakini kabla ya krimu kuna kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na kivuli kati ya saa nne za asubuhi na saa kumi za alasiri. Akipata kidonda usoni au shingoni kisichopona, apelekwe kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino katika nchi zetu za jua huanza wakiwa bado vijana. Mawese yawekwe kwenye sombe yake.

Mama wa Ibanda (Bukavu):

Nimekuelewa, na nimeshukuru sana. Basi niambie la mwisho. Wajukuu wengine wana miguu iliyopasuka, na nina bidoni ya mawese, avoka za uani, na uwezo wa kununua chupa ya alizeti. Nifanye nini?

FundiSabuni wa Katindo (Goma):

Mama, weka mawese jikoni na uchukue mafuta ya alizeti na mafuta uliyoyakamua kwenye avoka. Kikombe kimoja cha kila moja, katika chupa kavu kabisa, kwa kuwa tone la maji ndani ya mafuta ndilo linaloleta ukungu. Usiongeze jani bichi, ute wa mshubiri wala maji ya tunda lolote. Mafuta matupu hayahitaji kihifadhi, lakini yakichanganywa na maji yanakihitaji, na cha kuaminika huwezi kukitengeneza nyumbani. Wakioga, watumie sabuni kwapani, kwenye nyayo na palipochafuka, na miguu iliyobaki ioshwe kwa maji tu. Wasijifute mpaka wakauke. Ngozi ikiwa bado imelowa, kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinatosha miguu yote miwili ya mtoto, na usiku, penye mipasuko mirefu, ongeza siagi ya shea kidogo juu yake na umvalishe soksi.

Kabla ya yote hayo, mpake kila mtoto tone moja ndani ya kiwiko na ungoje siku mbili. Akipata wekundu au muwasho, jaribu alizeti peke yake. Na ambaye mipasuko yake inatoa usaha au damu asipakwe chochote mpaka aonwe kituo cha afya.